Mstari Mwekundu Niliochelewa Kuuchora

Siku niliyokabidhi funguo, Mkawasi, ambaye sasa amekalia kiti changu cha zamani pale masjala, aliniomba niwaandikie ninyi vijana yale ambayo hayamo katika mwongozo wa kazi. Nilimwambia mwongozo unatosha. Nilisema hivyo kwa uvivu, na pia kwa woga, maana nilijua nikianza kuandika nitafika mahali ambapo sipendi kufika. Sasa niko nyumbani Voi, kuku wamelishwa, mke wangu amekwenda sokoni, na uvivu wangu hauna kisingizio tena.

Mahakama niliyofanyia kazi sitaitaja. Waliokuwapo wanaijua, na kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la jengo.

Niliingia masjala nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya mjomba wangu, vilivyonizidi namba mbili. Karani mkuu wakati huo alikuwa Mzee Mwadime, mtu wa Mwanda kule milimani, mrefu, mwembamba, asiyecheka kabla ya chai ya saa nne. Alinitazama kutoka kichwani mpaka chini, akabaki huko chini.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, mzee."

"Na hivyo viatu vimesoma mpaka wapi? Naona vimekutangulia kuingia."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Alinipa uzi wa kushonea mafaili, sindano kubwa, na muhuri wa tarehe. Wiki nzima ya kwanza nilishona mafaili tu. Faili lililoshonwa vibaya, alisema, hutoa karatasi zake moja moja, na karatasi ikipotea, kuna mtu mahali fulani amepotea nayo. Vidole vyangu vilijaa matundu. Muhuri nilipewa ruhusa ya kuupiga mwezi wa pili.

Kitu kimoja hakunipa. Kwenye droo yake kulikuwa na rula ya mbao yenye ukingo wa chuma, kalamu nyekundu, na daftari kubwa lenye jalada la kitambaa cheusi. Lile lilikuwa daftari la mawakili. Ninyi hamkulikuta likitumika, kwa hiyo nieleze. Rejista ya mawakili wa nchi nzima iko Nairobi. Sisi tulikuwa na nakala yetu ya mkono, yenye majina ya wale waliozoea kuleta kesi kwetu. Notisi ikija kwamba jina fulani limeondolewa kwenye rejista, tulilikata katika daftari kwa mstari mwekundu, tukaandika tarehe pembeni, na kuanzia hapo karatasi yoyote yenye sahihi ya mtu huyo haikupokelewa kaunta. Msichanganye jambo hili na cheti cha mwaka. Cheti kikiisha, wakili hukihuisha na maisha yakaendelea. Aliyeondolewa kwenye rejista si wakili tena. Sahihi yake ni sawa na yangu, au ya mama anayeuza nyanya nje ya lango.

Sasa, Mzee Mwadime alikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Hakukata jina la mtu aliye hai mpaka mwenyewe awe amesimama mbele yake. Notisi ikifika, aliikunja akaiweka ndani ya daftari, kisha akamtumia mtu ujumbe kwamba anahitajika masjala. Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, mtu alikuja. Mzee alimwambia kwa sauti ya chini, akamwonyesha notisi, akafungua daftari. Kama mtu alitaka, alimpa ashike upande mmoja wa rula.

Mara ya kwanza kuliona jambo hilo, aliyekuja alikuwa wakili kijana kiasi, aliyeapisha watu hati za kiapo bila kuwaona. Alisimama pale kaunta machozi yakimdondokea kwenye tai. Mzee hakumfariji. Alisema tu, "Shika rula huko, isiteleze. Mstari ukipinda, watu watadhani tulikukata kwa hasira." Wakachora pamoja. Yule mtu alipangusa uso, akasema asante, akaenda zake. Mwingine alitutukana mpaka polisi wa lango akaingia kuangalia. Mzee alimsubiri amalize, kisha akamuuliza kama angependa kushika rula. Akashika, akiendelea kututukana kidogo kidogo, mpaka mstari ukafika mwisho.

Nilijifunza desturi ile kwa mapenzi. Nilichokosa kujifunza ni kwamba mzee hakungoja. Alimwita mtu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo habari yangu yote.

Kati ya mawakili waliokuja kwetu, aliyenikaa moyoni ni Wakili Nyambu. Yeye naye alikuwa mtu wa Mwanda, rafiki wa Mzee Mwadime tangu utoto, na ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la misumari na mabati mjini Voi. Kila akirudi kutoka kwao alituletea mapera ndani ya mkoba ule ule wa mafaili, kwa hiyo kesi zake zilinukia. Hakimu mmoja alisema angeweza kutambua faili la Nyambu akiwa amefumba macho.

Siku moja, nikiwa mwaka wangu wa tatu, Nyambu alinikuta napiga muhuri haraka haraka huku nazungumza na mtu mwingine. Aliuweka mkono wake juu ya karatasi.

"Kisaghu," alisema, "umesoma hii?"

"Nimeiangalia, wakili."

"Mimi pia naangalia mbuzi wa jirani. Nimekuuliza, umesoma?"

Nikasoma. Jina la mdaiwa lilikuwa limekosewa. Toka siku hiyo sikupiga muhuri bila kusoma, isipokuwa mara moja. Hapana, niseme ukweli: hata mara hiyo nilisoma.

Na kuna deni la moyo. Mwaka wa tano niliandika tarehe ya kusikilizwa kwa kesi kimakosa, tarehe kumi na saba badala ya tarehe saba katika barua ya kuitwa. Mteja wa Nyambu akaitwa siku asiyoijua, kesi ikatupwa. Hakimu alitaka kujua kosa ni la nani. Nilikuwa nimesimama ukutani. Nyambu aliinuka akasema yeye ndiye aliyeandika vibaya katika shajara yake, akaomba radhi, akaomba kesi irudishwe. Ikarudishwa. Nilipomfuata nje kumshukuru, alinipa pera. "Usinishukuru," alisema. "Ingekuwa mteja wangu ameumia, ningekutaja kwa jina mpaka la babu yako." Nilicheka. Sehemu hiyo ya maneno yake niliichukua kama mzaha.

Kupanda vyeo sitawaeleza, hakuna la kujifunza hapo. Mzee Mwadime alistaafu akarudi Mwanda, akalima kabichi miaka kadhaa, akafa. Rula aliniachia mimi. Niliitumia miaka mingi, nikiwaita watu kama alivyowaita, na nilijiona nimeiweka desturi yake vizuri. Nakiri nilijivunia jambo hilo. Makarani wa vituo vingine walikata majina kwa kalamu ya kawaida wakinywa soda.

Mwaka mmoja hivi kabla ya kompyuta kufika kwetu, Nyambu alianza kubadilika. Asubuhi moja alileta mapera, akaondoka, na baada ya saa moja akaleta mengine, na maneno yale yale, na kicheko kile kile. Siku nyingine aliniita Mwadime. Nilimwitikia. Nilidhani ni umri, na kwamba kumsahihisha mtu mzima mbele ya watu ni utovu wa adabu.

Wakati huo ilikuja bahasha kwa posta. Mwandiko niliujua, ni wa Nyambu, herufi zilizolala kushoto. Ilikuwa imeandikwa kwa Mzee Mwadime, Karani Mkuu. Mzee alikuwa kaburini mwaka wa nne. Niliigeuza mkononi. Nilijiambia barua ya mtu haifunguliwi na mwingine, hata kama mtu hayupo, na kwamba nitaipeleka Mwanda kwa mjane wake nikipata nafasi. Niliiweka ndani ya droo, chini ya rula. Nafasi sikuipata. Kusema kweli sikuitafuta.

Baada ya wiki tatu hivi ikaja notisi kutoka Nairobi. Majina manne yameondolewa kwenye rejista. La tatu lilikuwa la Nyambu.

Notisi haikutaja sababu. Notisi za namna hiyo zilikuwa fupi, na mimi nilikuwa nimezoea kwamba jina la mtu aliye hai likija hivyo, basi kuna aibu nyuma yake. Nilikaa nayo mbele yangu mpaka chai ikapoa. Nilimwona Nyambu akiinuka mahakamani kwa ajili yangu. Nikaikunja notisi nikaiweka ndani ya daftari. Majina matatu sikuyajua, hayakuwa yetu. Kuhusu la Nyambu nilisema nitangoja aje mwenyewe. Sikumtumia ujumbe. Kila asubuhi nilijiambia atakuja, na kila jioni nilishukuru kwamba hakuja. Wenzangu masjala sikuwaambia, nisije nikamtangazia mzee aibu yake.

Alikuja siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, na hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja wa Mahoo, karibu na Taveta, mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa sare ya chama cha akina mama wa kanisa lao. Nitamwita Mama Grace. Alikuwa ameshindwa kesi ya shamba mbele ya hakimu. Shamba lilikuwa la marehemu mume wake, lenye migomba na mfereji wa maji, na kaburi la mume liko humo humo kwenye kona. Shemeji yake alidai ni lake, na hakimu akamkubalia. Sasa mama alikata rufaa kwa jaji, na sheria ilimpa siku thelathini kuiwasilisha.

"Kwawuka, bwana karani!" Nyambu alisema. Hiyo ni salamu ya asubuhi kwetu, na jua la saa nane lilikuwa linachoma mabati. "Nimekuletea kazi, na nimekuletea mapera."

Mapera hayakuwapo. Alifungua mkoba akatafuta, akatabasamu, akatoa karatasi. Nakala tatu, zimefungwa kwa utepe wa kijani kama alivyofanya siku zote.

Mama Grace aliinamia kaunta. "Baba, angalia kama ziko sawa. Nimebakiwa na siku nne. Nimezihesabu kwa kalenda ya kanisa, nikazihesabu tena na mwalimu wa shule."

"Ziko sawa," Nyambu alimwambia. "Huyu karani hapigi muhuri bila kusoma. Nilimfundisha mimi."

Nilisoma. Nilisoma kila mstari, polepole, nikiomba nikute kosa nizirudishe. Hakukuwa na kosa. Hoja zilikuwa safi. Baadaye nilijua kwamba karani wake wa ofisini ndiye aliyeziandaa, akifuata mfano wa faili la zamani, naye hakuwa ameambiwa lolote. Chini kabisa kulikuwa na sahihi, imelala kushoto.

Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Ningesema, "Wakili, njoo huku pembeni kidogo." Maneno matano. Mama Grace angetoka pale na siku nne mkononi, angetafuta wakili mwingine Voi au Wundanyi, au angeandika rufaa yake kwa mkono na mimi ningeipokea, sheria inaruhusu. Nililijua hilo wakati ule ule. Sikuwa mgeni wa kazi.

"Kuna shida, baba?" mama aliuliza.

"Hakuna," nikasema.

Nikapiga muhuri. Nakala tatu, mara tatu. Mama alizipokea nakala zake kwa mikono miwili.

Miezi mitano ilipita. Nyambu hakurudi masjala. Nilijipa moyo kwamba labda jaji hataangalia, labda upande wa pili hawataangalia. Siku ya rufaa nilijipa kazi ya kupeleka mafaili ndani ili nione. Wakili wa shemeji, mwanamke kijana asiye na maneno mengi, aliinuka akasema ana jambo moja tu. Akatoa nakala ya notisi. Ile ile iliyokuwa kwenye daftari langu.

Jaji alisoma. Akamwangalia Nyambu. "Bwana Nyambu, jina lako liliondolewa kwenye rejista kabla ya tarehe ya rufaa hii. Unasemaje?"

Nyambu aliinuka, akafunga kifungo cha koti. Alitazama karatasi zake, akatazama madirisha. "Mheshimiwa," alisema, "naomba nikumbushwe mimi ni wa upande gani."

Jaji alizungumza kwa upole, lakini sheria haikumwachia nafasi. Rufaa ilitiwa sahihi na mtu asiye wakili, kwa hiyo hapakuwa na rufaa. Ikafutwa. Siku thelathini zilikuwa zimeisha zamani.

Nje kwenye baraza Mama Grace alikuwa anamuuliza kila aliyepita, "Wamesema nini? Kwani muhuri si wa serikali? Mbona walizipokea?" Nilipita nyuma yake nikiwa nimebeba mafaili kifuani, nikaingia masjala nikafunga mlango.

Hapo ndipo nilipofungua ile bahasha. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda nilikuwa natafuta kitu cha kunilaumu, au cha kuniosha. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Ninayo mpaka leo, mjane wa Mzee Mwadime alisema nikae nayo.

"Mwadime ndugu yangu," iliandikwa, "daktari ameniambia jambo ambalo nadhani wewe umekwisha kuliona. Nimeandika Nairobi wanitoe kwenye rejista. Nimeomba mwenyewe, wakati bado naweza kuomba. Lakini naogopa itafika siku nitasahau kwamba niliomba, nivae tai, nije kwako na karatasi za mtu. Usizipokee. Hata nikikusihi, hata nikikasirika. Chukua rula yako unikate nikiwa nimesimama hapo, kama unavyowafanyia wengine. Sitaki mteja aumie kwa sababu yangu. Na umwambie yule kijana wako Kisaghu, maana ana huruma za haraka."

Niliisoma nimesimama. Aliona mbele akaweka mlinzi mlangoni, na mlinzi nilikuwa mimi. Tayari alikuwa amesahau kwamba rafiki yake amekufa, lakini kuhusu mimi hakukosea hata neno moja.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa jaji. Sikwenda. Nilikaa kimya wiki tisa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na nilijiambia kwamba kusema sasa hakutarudisha kitu. Katika wiki hizo tisa shemeji aliingia shambani na watu wenye mapanga, akafyeka migomba yote ili apande mahindi. Kaburi alilizungushia waya, yeye ndiye akakaa na ufunguo wa lango.

Nilizijua habari hizo kutoka kwa Mama Grace mwenyewe. Alikuja kaunta kuomba nakala ya uamuzi. Hakuwa amevaa sare. Alikuwa amehamia kwa dada yake Njukini, mkungu mmoja wa ndizi aliouokoa ulikuwa umewekwa chini kando ya mguu wake, maana alikuwa anaupeleka kwa mwalimu yule aliyemsaidia kuhesabu siku. Aliniambia habari zote bila kulia, huku mimi natafuta faili ambalo nilijua liko wapi.

Nikashindwa. Nilimwambia. Nilimwambia notisi ilikuwapo, kwamba nilijua, kwamba nilimstahi mzee nisije nikamwaibisha mbele ya mteja wake.

Watu walikuwa foleni nyuma yake.

"Ulikuwa unamheshimu yule mzee," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nani aliniheshimu?"

Akachukua mkungu wake. Nilimwomba asiende. Siku hiyo hiyo niliandika hati ya kiapo, ya kwanza niliyowahi kuandika kwa jina langu, nikaeleza kila kitu pamoja na tarehe zote, nikaambatanisha nakala za barua ya Nyambu na notisi. Nilimtafutia wakili, mwanamke mwingine kijana, wa Wundanyi, akaomba jaji amwongezee mama muda kwa sababu kosa lilikuwa la masjala na si lake. Jaji alinihoji. Aliniuliza kwa nini nilinyamaza wiki tisa, nikajibu, "Niliogopa, mheshimiwa." Aliandika jibu langu kama lilivyo. Mama alipewa muda. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo ya mafaili ya zamani. Barua ile ilikuwa nyepesi kuliko nilivyostahili.

Niruke mbele kidogo mjue mwisho wake. Rufaa ilichukua miaka miwili, na Mama Grace akashinda. Alirudi Mahoo akafungua lile lango la waya. Migomba aliyoipanda na mume wake haikuwapo. Amepanda mingine. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu, akanikaribisha chai, akanijulia hali ya familia yangu. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Turudi nyuma, wiki chache baada ya mimi kuhamishiwa stoo. Kompyuta zilikuwa zinaletwa. Ninyi mnajua jinsi zinavyofanya: jina likiondolewa Nairobi, mashine yenyewe inakataa karatasi za mtu huyo, haimwiti, haimngoji, haimwonei haya. Baadhi yenu mnaniuliza kama naikosa zamani. Mama Grace angekuwa na mashine ile, angekuwa na migomba yake. Hilo ndilo jibu langu.

Daftari jeusi likaletwa stoo lifungwe. Nililifungua. Jina la Nyambu lilikuwa bado safi, hakuna aliyekumbuka kulikata. Nikamwomba karani mkuu mpya ruhusa ya kulitoa kwa siku moja. Aliuliza la nini, nikamweleza, akatia sahihi.

Nilipanda Mwanda Jumamosi asubuhi. Binti yake Nyambu, Mghoi, alinipokea mlangoni. "Leo hajui watu," aliniambia, "lakini anapenda wageni." Nyambu alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa jua, amevaa tai juu ya sweta, anafunga na kufungua utepe wa kijani.

"Habari za kotini?" aliniuliza.

"Nzuri, mzee. Nimekuja kukata jina."

"La nani?"

Nilifungua daftari juu ya magoti yetu. "La Wakili Nyambu."

Alifikiri. "Huyo namjua?"

"Mlikuwa mnaonana."

"Alikosa nini?"

"Hakukosa, mzee. Aliomba mwenyewe."

"Aliomba, halafu mbona hajakatwa?"

Mghoi alikuwa amesimama nyuma yetu, hakusogea.

"Karani alichelewa," nikasema.

"Karani gani huyo? Mvivu?"

"Si mvivu. Ana huruma za haraka."

Nyambu alitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka kesi ya zamani, isiyokuwa yake. Kisha bila kuombwa akanyoosha mkono akashika upande mmoja wa rula, akaibana kwa vidole viwili.

"Chora," alisema. "Lakini polepole. Ukipinda, watu watadhani mlimkata kwa hasira."

Nikachora. Mstari ulinyooka. Pembeni niliandika tarehe ya siku hiyo, nikaitazama, kisha juu yake nikaandika na tarehe ambayo ingepaswa kuwapo. Fungueni daftari mtaziona zote mbili. Kati yao kuna miezi kumi na moja, na shamba la migomba.